Piano Iliyoitwa Nanga

Ihembe, Karagwe
19 Januari 2025

Mdogo wangu Dafroza,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Costansia hajambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina mambo yake. Mimi sijambo, na hiki kitambi changu kilichoanza mwaka ule ulioondoka sasa kina miaka kumi na minne. Bado minne tu kiandikishwe kupiga kura. Wewe je? Kifua kimepona? Joto la Dar linakuacha ulale?

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nimegundua jambo: simu unaikata. Kila nikifika kwenye neno "Baba", mtandao wa Dar unaharibika ghafla. Barua haikatiki. Sana sana utaikunja, na ukishaikunja itabidi uikunjue.

Sasa habari yenyewe. Kile kinanda cha umeme cha kwaya kimekufa. Jumapili ya mwaka mpya umeme ulikatika, halafu ukarudi kwa hasira katikati ya ubeti wa pili. Kinanda kikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, kikanyamaza. Kwaya ikaendelea kuimba, na mimi nikaendelea kubonyeza kwa ubeti mzima nikidhani masikio yangu ndiyo yameziba. Waumini walivumilia. Wamenizoea.

Tumekaa kikao. Kahawa ya shamba la kwaya imekuwa nzuri msimu uliopita, na wote tumesema kwa sauti moja (jambo ambalo kwenye kuimba hatujawahi kulifanya) kwamba safari hii tunataka kitu kisichokula umeme. Tunataka piano yenyewe, ya mbao na nyuzi. Wazee wameshaipa jina, wanaiita enanga ya Wazungu, utadhani ni ile ala yetu ya nyuzi nane iliyonenepa. Tunataka izinduliwe Pentekoste, tarehe nane Juni, mkuu wa jimbo akiwepo.

Na fundi wa piano anayetokea Karagwe na Kyerwa kwa pamoja ni mmoja tu, naye ni wewe. Basi tueleze: ipi ni ya bei ya watu kama sisi, inalia vipi, na kwa nini inalia hivyo? Usiniandikie kifundi. Niandikie kama unamwandikia mtu aliyepangwa sauti ya nne ili asisikike.

Nilimwambia Baba kwamba nakuandikia. Alikohoa mara mbili. Unamjua, zamani alikuwa anakohoa mara moja.

Kaka yako,
Elpidius


Dar es Salaam
2 Februari 2025

Kaka Elpidius,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, joto halijaniacha lakini tumeshazoeana. Mpe pole wifi na goti lake. Barua yako nimeichukua stendi ya Mbezi kwa kondakta aliyeniuliza kama kaka yangu ni mtu mkubwa serikalini, kwa sababu bahasha umeigonga mhuri wa shule mara tatu.

Kaka, nimefurahi mpaka nimeshindwa kufanya kazi! Piano Ihembe! Nimemwambia bosi wangu hapa karakanani, akaniuliza Ihembe ni nchi gani.

Chukueni ile ndogo ya kusimama. Kimo chake kitakufika kifuani, ingawa tumbo litakuwa limefika kwanza. Ndani yake kuna fremu ya chuma, na kwenye fremu zimevutwa nyuzi zaidi ya mia mbili. Sauti moja ya katikati ina nyuzi tatu zinazolia pamoja. Za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja mnene. Ukibonyeza, nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu ngumu inaruka, inaupiga uzi, inarudi. Lakini uzi peke yake hauna sauti ya maana, ni mtu anayenong'ona. Anayempazia sauti ni ubao mpana, mwembamba, ulioko mgongoni. Nyuzi zinautikisa ubao, ubao unaitikisa hewa ya chumba kizima.

Kwenye piano za matajiri ubao huo ni mti mtupu, unaokua polepole kwenye nchi za baridi. Kwenye hii ya kwetu ni tabaka tatu zilizogundishwa. Wajuzi watakuambia sauti yake haikai hewani muda mrefu kama ya ule mwingine. Kweli kabisa. Lakini haupasuki ovyo, na huko kwenu asubuhi ni ukungu na mchana jua la kuanikia kahawa. Mimi ningechukua usiopasuka.

Kasoro nyingine usije ukasema hukuambiwa. Nyuzi za besi ni fupi kwa sababu sanduku ni fupi, kwa hiyo zimezungushiwa shaba ili ziwe nzito. Hazingurumi. Zinakohoa kidogo, kama mzee wa kanisa kabla ya matangazo. Juu kabisa inang'aa mno, mpaka nyundo zichomwe sindano sufu ilainike. Lakini katikati, Kaka, pale ambapo watu wanaimba! Pana joto. Panaongea kabisa. Kuna piano za bei mara tano ya hii ambazo katikati yake haina la kusema.

Siku ya kwanza nilipofunguliwa piano hapa nikaona mgongo wake, nilicheka peke yangu. Ni enanga ya Baba, tena imesimamishwa wima na kuongezewa nyuzi. Ubao ule ule, kazi ile ile.

Sasa nisikilize. Fundi wa kuja kukaza nyuzi mtafuteni kwingine. Mimi siji. Hujasahau harusi ya Novatus kule Kihanga. Nilikuwa na miaka ishirini. Baba alikwenda kula, nikaipakata enanga yake nikapiga, na watu wakaacha kutafuna wakasikiliza. Najua mwanamke haigusi. Angeweza kunigombeza. Angeweza kunichapa, nisingesema kitu. Lakini alitoa kisu akaukata uzi mbele za watu, akaenda kuining'iniza enanga juu ya jiko. Yeye hajaipiga tena, mimi sijarudi tena. Mechi ni sare, tuiache hivyo.

Mdogo wako,
Dafroza


Ihembe
9 Machi 2025

Dafroza mdogo wangu,

Marahaba. Hapa kwetu wote wazima, mvua zimeanza vizuri, na goti la wifi yako lilizitabiri siku tatu kabla ya redio.

Barua yako niliwasomea kwaya yote baada ya mazoezi. Walipiga makofi kwenye besi inayokohoa. Mzee mmoja wa kanisa, jina nalihifadhi, alinyanyuka akasema amejitambua na hana kinyongo. Kura zikapigwa: ndogo ya kusimama, wote. Bosi wako ameshapata chake, na mengine usiniulize, mhasibu wa kwaya ni mke wangu.

Ile aya ya mwisho sikuwasomea. Nilimsomea mtu mmoja tu, anayekaa nyuma ya kanisa na anayetembea kwa fimbo. Aliilaza fimbo chini. Nikajua sasa litakuja la Kihanga. Akaniuliza, "Huo ubao wa mgongoni, mwembamba pembeni au katikati?"

Nikamwambia sijui.

"Umesoma chuo miaka miwili," akasema, "hujui."

Kwa hiyo naomba jibu, si kwa ajili yangu.

Fomu ya usafirishaji waliyonitumia nimeijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa mwalimu, herufi kubwa, kila kitu mahali pake. Mzigo usikupe wasiwasi hata chembe.

Kaka yako,
Elpidius


Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi nitakuwa mzima ukinijibu swali moja: piano iko wapi?

Ilitoka hapa tarehe kumi na nne Machi. Niliipakia mwenyewe, nikaiviringishia mablanketi manne na kuifunga wima. Nikaibusu, bosi akaona. Karani wa magari anasema imeshapokelewa Kagera na risiti ina sahihi. Sahihi ya nani? Simu yako ukipigiwa unasema "inafuatiliwa". Inafuatiliwa na nani, Kaka? Mbona unaongea kama wizara?

Mwambie huyo mwenye fimbo: kwa kawaida mwembamba pembeni.

Dafroza


Ihembe
14 Aprili 2025

Mdogo wangu mpendwa sana, mwenye huruma, usiye na hasira,

Marahaba. Huku wote wazima. Nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa, ndiyo maana mistari imepinda.

Ilikuwa hivi. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika aina ya mzigo. Nilikuwa na enanga kichwani, maana huku hakuna anayesema piano tena. Nikajiambia: Elpidius, wewe ni mwalimu wa Kiswahili, miaka ishirini na saba. Kiswahili hakina ile "e" ya mwanzo ya lugha yetu ya nyumbani. Nikaikata, kama ninavyowafundisha watoto kila siku. Nikaandika: NANGA MOJA. UNAKOKWENDA: KARAGWE, KAGERA.

Cheka kwanza, nitakusubiri.

Karani huko njiani akasoma nanga. Akajiuliza watu wa Karagwe wanataka kufungia nini, migomba? Akaona hapo pana kosa, akalisahihisha kwa busara zake, akaipeleka ziwani. Piano yako imekaa bandarini upande wa Bukoba karibu wiki tatu, katikati ya kamba, nyavu na madumu ya mafuta, ikiwa imefunikwa turubai. Mlinzi anasema mwenye mtumbwi mmoja alikuja mara mbili kuulizia bei. Alijaribu kuinyanyua akasema hiyo itashika hata kwenye dhoruba.

Aliyetuokoa ni Placidius wa Nkwenda, yule anayepeleka ndizi za Kyerwa Bukoba kwa Fuso. Alikuwa anarudi mtupu. Aliisimamisha wima, akaisheheneza majani ya migomba pande zote, akaendesha kwa mwendo wa maiti. Kila aliyepishana naye alivua kofia.

Jumamosi ikashuka. Wanaume wanane wa sauti ya nne waliibeba. Mimi nilibeba kiti. Tukafungua. Dafroza! Nilibonyeza moja tu, ya katikati. Sauti haikutoka kwenye spika, ilitoka kwenye mti! Kioo cha dirisha kikaitika, benchi nililokalia likaitika, na kitambi changu kikaitika. Akina mama wakapiga vigelegele kwa sauti moja hiyo tu niliyobonyeza. Sijawahi kupata vigelegele kwa kazi ndogo namna hiyo.

Lakini unyevu wa ziwa umeiharibu. Zile nyuzi tatu za sauti moja zinabishana kama ndugu kwenye mirathi. Nilijaribu tenzi, ikatoka kitu ambacho mchungaji alikiita "cha majaribu".

Watu walipotawanyika, Baba akaingia. Hakunitazama. Alizunguka nyuma ya piano, akaweka kiganja kwenye ubao.

"Bonyeza."

Nikabonyeza.

"Tena. Usiiogope, haiumi."

Nikabonyeza mpaka kidole kikachoka. Halafu akaondoka zake, na fimbo akaisahau. Baba, fimbo! Nimempelekea nyumbani mwenyewe.

Pentekoste imekaribia. Sikuombi. Nakutajia tarehe tu.

Kaka yako asiyefaa kujaza fomu,
Elpidius


Dar es Salaam
22 Aprili 2025

Kaka yangu wa nanga,

Shikamoo. Pasaka ilikuwa njema, natumaini na kwenu pia. Nimecheka mpaka bosi amekuja kuangalia kama ni kile kifua. Nilipomweleza, amechukua rangi akaandika NANGA kwenye chupa ya chai ya karakana. Ndiyo jina lake sasa.

Siji, lakini sitawaacha. Ndani ya piano, chini, nyuma ya kile kibao kinachofunguka karibu na pedali, nimeweka ufunguo wa kukazia na kabari mbili za mpira. Fanya hivi. Kwenye kila sauti, ziba nyuzi mbili kwa kabari, ubaki na mmoja. Linganisha na sauti ya programu ya simu niliyokutumia. Zungusha ufunguo kidogo sana, kama unayegeuza kichwa cha mtoto aliyelala. Kisha toa kabari, linganisha wa pili na wa kwanza, halafu wa tatu. Zikikubaliana utasikia ubishi umeisha.

Usikaze kwa nguvu. Kila uzi umebeba uzito wa mtu mzima. Ukikatika unarusha.

Ikikushinda, kuna fundi Mwanza.

Baba aliweka kiganja gani?

Dafroza


Ihembe
12 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, kahawa inaiva, na mimi nina plasta kwenye pua. Mengine yote ni mazuri kupita kiasi, kaa chini usome.

Kiganja cha kushoto.

Nilianza kazi Jumatatu baada ya shule, nikiwa na ufunguo wako, kabari na simu. Uzi wa kwanza ulikubali. Wa pili ukakubali. Nikaanza kujiona fundi, nikapiga mluzi. Wa tatu nikauvuta kidogo tu, kama kichwa cha mtoto aliyelala, ila huyu mtoto wangu nadhani alikuwa amekufa, maana niliendelea kuvuta. PAAA! Kama bunduki ya mgambo. Uzi ukanipitia puani, mimi nikapitia nyuma ya benchi.

Baba akaingia mbio. Nasema mbio. Akanikuta chini, akaniruka, akaenda kuiangalia piano.

"Nipe hicho," akasema.

Nikampa ufunguo. Akaniambia nizime hiyo simu, inamchafulia masikio. Nikashika kabari, yeye akashika ufunguo, siku tatu mfululizo. Hakukaza hata uzi mmoja, alilegeza tu. Alichukua vile vibonyezo vyeupe kuanzia cha katikati kwenda juu, vinane, hakugusa vingine. Analegeza, anafumba macho, anabonyeza, anasubiri, anakunja uso, anarudia. Mara nyingine alikuwa anaimba kitu chini chini. Alipomaliza akavipitisha vyote vinane kwa kidole kimoja, na mimi nikasikia raha ya ajabu, nikasema: hapo! Sasa imekaa sawa! Kwa nini nilisikia raha vile sikujiuliza. Ndiyo akili niliyojaliwa.

Jumapili. Kanisa limejaa. Nikakaa, nikashusha mikono kwenye tenzi.

Dafroza, ikatoka enanga!

Si mfano. Enanga yenyewe, ya Baba, ya harusini, ya kusimulia habari za watemi. Mkono wa kushoto ulikuwa Mlutheri, mkono wa kulia ulikuwa kwenye sherehe ya Kihanga. Kwaya ikasimama mdomo wazi. Mchungaji akakaa, akasimama, akakaa. Halafu bibi mmoja kule nyuma akaanza kucheza mabega akiwa amekaa, mwingine akafuata, na tenzi ile tuliimaliza sijui kwa njia gani ila hakuna aliyesinzia. Nje watu walinishika mkono. Mkono, mimi!

Baba nilimkuta ameegemea ukuta wa nje, chini ya dirisha. Nikamwambia, "Baba, umefanya nini? Mkuu wa jimbo anakuja!"

Akasema, "Nyuzi nane, vyeupe vinane. Nilidhani ndivyo walivyokusudia."

Kwa hiyo tuko hapo. Zimebaki wiki nne, katikati ya piano pamelegea, uzi mmoja umekatika, na fundi wa Mwanza nikampigia akasema Karagwe hafiki.

Kaka yako mwenye plasta,
Elpidius


Dar es Salaam
16 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo, pole na pua, nisamehe salamu fupi. Mtu yeyote asiziguse hizo nyuzi! Umenisikia? Mtu yeyote! Funga piano, ufunguo mpe wifi, wewe sikuamini.

Kaka, sikuwahi kukwambia. Mwaka wa kwanza hapa nilikuwa nakaa na piano mbovu jioni wakishatoka, nalegeza nyuzi nikitafuta ule mpangilio wa Baba. Nyuzi tano nilikuwa nazipata. Wa sita ulikuwa unakaribia, halafu unapotea. Miaka ikapita nikawa sizipati hata zile tano, nimebaki na hizi za kitabuni tu. Sauti hiyo ya Baba haikuandikwa popote. Iko kwenye masikio ya mtu mmoja mwenye miaka themanini na moja, na sasa unaniambia ameiweka juu ya meza, imekaa kanisani?

Irekodi. Leo. Kibonyezo kimoja kimoja, kuanzia chini, uache kila kimoja kilie mpaka kiishe. Nitumie kwa simu. Naahidi sitakata.

Dafroza


Ihembe
20 Mei 2025

Dafroza,

Marahaba. Wote wazima. Piano imefungwa na wifi yako anatembea na ufunguo shingoni kama mkuu wa gereza.

Nilikwenda na simu, nikamkuta Baba amekaa kwenye benchi la mbele. Nikamweleza unachotaka. Nikamsomea barua yako yote, safari hii sikuruka kitu. Nilipofika pale kwenye uzi wa sita alitazama dari.

Akasema, "Hiyo haipiti kwenye simu."

Nikamwambia siku hizi inapita, Baba, hata picha zinapita.

"Nimesema haipiti."

Nimefika mlangoni akaniita. Anauliza kama kwenye karakana yenu kuna waya mwembamba wa piano, mpya, hatua saba hivi za mtu mzima. Sikumuuliza wa nini. Na mimi nina akili, si kila siku, lakini ninazo.

Kaka yako,
Elpidius


Dar es Salaam
25 Mei 2025

Kaka Elpidius,

Shikamoo, na shikamoo ya pili umpelekee mwenyewe, kamili, na jina langu.

Waya upo. Siutumi kwa basi. Nimepata siti ya Alhamisi, dirishani, na bosi amenipa siku kumi na vifaa vyote. Mwambie wifi apike ndizi na asihangaike na goti. Mwambie mchungaji Pentekoste itakuwa na tenzi za kawaida.

Na wewe usije stendi ya Omurushaka na kwaya. Nakujua.

Dafroza


Ihembe
29 Juni 2025

Mdogo wangu Dafroza,

Natumaini ulifika salama na umerudia kazi bila kusinzia. Sisi huku wazima. Mkuu wa jimbo ameandika kushukuru. Anasema hajasikia piano inayoongea vile katikati, na anauliza ni ya nchi gani. Nimemjibu ni ya bandarini.

Samahani tena kwa kwaya stendi. Nilileta sauti ya kwanza na ya pili tu.

Ulikuwepo, sina la kukusimulia. Isipokuwa mambo uliyoyapa mgongo. Ulipoingia kanisani na begi lako, ukasema "Shikamoo Baba", na yeye akasema "Marahaba. Cha sita kimelegea tangu jana," ukaenda moja kwa moja kubonyeza. Hukugeuka. Mimi niligeuka. Alikuwa anajifuta macho kwa kofia, halafu akaivaa ikiwa imelowa.

Na zile siku ulizokuwa unaikaza upya, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukinieleza kwamba piano iliyolegezwa husahau na lazima ikumbushwe, yeye alikuwa amekaa nyuma yako na vidole vyake vinatembea kwenye goti. Anapiga. Ulipohamishia zile sauti zake nane kwenye vyeupe vinane vya mwisho kule juu, ambako tenzi hazifiki na ambako sauti ikishapigwa hakuna kitu cha kuizima, vidole vikasimama.

Kila Alhamisi kwaya ikitoka, anabaki. Anapiga huko juu kwa kidole kimoja. Inasikika ndogo, kama enanga ikipigwa ng'ambo ya bonde. Wifi yako anasema ni panya. Mwache.

Mliongea mengi siku kumi zile: ubao, gundi, kwa nini uzi mwembamba unadai mkono mwepesi. La Kihanga hamkuligusa. Uliweka waya mezani kwake, ukaondoka bila kuuliza. Nilikasirika, nikasema hawa wawili ni wajinga kunishinda, na hilo si jambo dogo.

Jumatano hii nimerudi shule, nikakuta juu ya jiko pako wazi. Pamebaki alama nyeupe ukutani ilipokuwa. Baba yuko uani, enanga mapajani, ameshaifuta masizi, anaufunga waya wako. Uzi mmoja mrefu, unakwenda na kurudi mpaka zinakuwa nyuzi nane. Alipomaliza hakuzipiga. Alizigusa tu, mmoja mmoja, kuhakikisha. Akaomba gunia safi na majani ya migomba.

Leo nimempeleka Omurushaka kwa bodaboda, amekumbatia gunia. Njiani nikamuuliza, nikichagua maneno, "Baba, na ile kwamba mwanamke haigusi?"

Akanipigia kelele sikioni kwa sababu ya upepo: "Kwani ile ya kanisani kaikaza nani?"

Kwenye ofisi ya basi wakatoa fomu. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu, akanipiga kwa fimbo kwenye kidole. Akaandika mwenyewe. Unajua mwandiko wake, kila herufi kama anachonga. Foleni nzima ilingoja. Mwenye mzigo: Dafroza Rweyemamu. Karani akainama kusoma aina ya mzigo.

"Mzee, hii ni nanga?"

"Kijana," Baba akasema, "soma vizuri. Mbele kuna E."

Nenda Mbezi Jumanne asubuhi.

Kaka yako,
Elpidius